Kuotesha klova kwenye malisho ya kikuyu: mwongozo kwa mfugaji wa nyanda za juu

Kila mvua zinapokaribia, maswali ni yaleyale: mbegu ya klova (mmea wa malisho wa jamii ya kunde) inapatikana wapi, mbona niliyopanda haikuonekana, na je, ni kweli inaua ng'ombe? Haya hapa majibu kwa anayeanza, mwenye ng'ombe wa maziwa wanaochungwa au kufungwa kwa kamba kwenye nyasi za kikuyu.

Mwongozo huu ni wa sehemu za baridi: Kinangop, Ol Kalou, Molo, Limuru, Uasin Gishu na Kitale kwa upande wa Kenya, Njombe, Mufindi, Rungwe na miteremko ya juu ya Kilimanjaro na Meru kwa upande wa Tanzania. Kama uko chini ya mita 1,500 hivi, klova itakusumbua bure. Panda mikunde mingine kama desmodiamu au fiwi. Na kama ng'ombe wako wako bandani muda wote wakila mabingobingo ya kukata, klova nyeupe haikufai sana: ni fupi, mabingobingo yataifunika. Hapo pia desmodiamu kati ya mistari ndiyo jibu.

Faida yake kwa ufupi

Kikuyu isiyo na mbolea huwa ya njano, ngumu, na protini yake hushuka. Klova hushirikiana na bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi yake, na bakteria hao huchukua naitrojeni ya hewani. Naitrojeni hiyo huishia kwenye nyasi jirani kupitia majani yanayooza na mavi na mkojo wa ng'ombe. Klova changa yenyewe ina protini zaidi ya asilimia 20 ya uzito mkavu, na inasagika tumboni haraka, kwa hiyo ng'ombe hula zaidi kwa siku na maziwa yanaongezeka. Utapunguza mifuko ya CAN (mbolea ya naitrojeni), na pumba na mashudu unavyonunua vitapungua.

Ila lazima uelewe jambo moja kabla ya kutoa hela ya mbegu. Mara nyingi klova haifi kwa sababu ya mbegu mbovu. Inakufa kwa kivuli cha nyasi, kwa kukosa fosforasi, au kwa kukosa bakteria wake. Kazi yote iliyo hapa chini inahusu hayo matatu.

Ijue klova kwanza

Wengi hushangilia "klova" ya shambani ambayo siyo. Kuna gugu lenye vijani vitatu, maua ya waridi na vitunguu vidogo chini ya udongo. Hilo ni oksalisi, na kulitoa ni kazi ngumu. Chuma jani utazame: kijani kimoja cha oksalisi kina umbo la moyo, kimebonyea sana kwenye ncha, na ukitafuna ni kikali kama ndimu. Kijani cha klova ni cha mviringo wa yai, mara nyingi kina alama nyeupe katikati, na hakina ukali.

Klova zenyewe zinazokuhusu ni mbili.

Klova nyeupe ya Kenya (*Trifolium semipilosum*) ni ya kwetu. Inaota yenyewe kando ya barabara na kwenye malisho ya zamani ya nyanda za juu za Afrika Mashariki. Waaustralia waliichukua kutoka Kenya, wakaiendeleza na kuipa jina la Safari. Ina mzizi mkuu unaoshuka chini, kwa hiyo huvumilia kiangazi kuliko ile ya Ulaya, na inavumilia udongo wenye asidi kidogo.

Klova nyeupe ya kawaida (*Trifolium repens*) ndiyo inayouzwa zaidi duniani. Inatoa majani mengi, lakini inataka unyevu karibu mwaka mzima na udongo usio na asidi kali. Iache kwa wenye mita 1,800 kwenda juu na mvua za kutosha, au wenye maji ya kumwagilia.

Kwa mfugaji wa kawaida ningeanza na ya Kenya. Kuna klova nyekundu pia, inayofaa kukatwa, lakini kwenye malisho ya kukanyagwa kila mara haidumu.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Matokeo ya kipimo cha udongo, hasa asidi (pH) na fosforasi.
- Mbegu: kilo 1 hadi 1.5 kwa ekari ukitawanya shamba zima, au nusu kilo ukipanda kwa mistari ndani ya nyasi. Ulizia vituo vya utafiti wa malisho, kama KALRO Kitale, Naivasha na Ol Joro Orok, au TALIRI Uyole, na maduka ya pembejeo yanayoaminika.
- Chanjo ya mbegu, yaani bakteria wa rizobia wa klova hiyohiyo utakayopanda.
- Mbolea ya fosforasi: TSP, au fosfeti ya Minjingu kama udongo wako una asidi.
- Chokaa ya kilimo, kama kipimo kimeonyesha unaihitaji.
- Jembe, reki, mchanga mkavu, sukari kidogo, na beseni.
- Nyasi kavu za akiba na lita moja ya mafuta ya kupikia. Vitu hivi viwili ni vya usalama wa ng'ombe, na viwepo nyumbani kabla klova haijaota.

Hatua za kupanda

1. Pima udongo miezi mitatu kabla ya mvua. Klova nyeupe ya kawaida inataka pH ya 5.5 hadi 6.5, ya Kenya inaweza kuvumilia karibu na 5. Ikiwa iko chini ya hapo, tandaza chokaa ya kilimo kwa kiasi ulichoelekezwa kwenye majibu ya kipimo, na uipe wiki nane au zaidi ifanye kazi. Usitumie chokaa ya kupaka nyumba.

2. Anza na robo ekari. Chagua sehemu isiyotuama maji, isiyo chini ya miti, na karibu na nyumbani ili uione kila siku. Ukifaulu hapo, utapanua kwa vipando vyako mwenyewe bila kununua mbegu tena.

3. Lisha nyasi mpaka chini kabisa. Wiki ya kupanda, ingiza ng'ombe wengi kwa muda mfupi mpaka kikuyu ibaki kama sentimita 3. Kama hawatoshi, fyeka na uondoe majani yote. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa: wanaona huruma kuharibu nyasi nzuri, wanatawanya mbegu juu yake, kisha wanasubiri. Mche wa klova unaoota ndani ya kikuyu ya sentimita 15 haufiki wiki ya tatu.

4. Chimba mistari. Huna haja ya kulima shamba zima. Pasua mistari yenye upana wa sentimita 30, kina kifupi tu, na kutoka katikati ya mstari mmoja hadi katikati ya mwingine iwe mita moja. Ng'oa mizizi ya kikuyu iliyo ndani ya mstari, vunja mabonge, sawazisha kwa reki. Udongo uwe laini juu na ulioshikamana chini. Ukiukanyaga na kiatu kikazama mpaka kifundo, umelegea mno.

5. Weka fosforasi. Ukitandaza shamba zima, mfuko mmoja wa TSP wa kilo 50 kwa ekari ni mwanzo mzuri. Ukiweka kwenye mistari pekee, theluthi yake inatosha. Changanya na udongo wa juu. Fosfeti ya Minjingu, inayochimbwa mkoani Manyara, inafanya kazi vizuri kwenye udongo wenye asidi na inaongeza kalisi, ingawa inayeyuka polepole. Usitumie DAP hapa: naitrojeni yake itaamsha kikuyu wakati klova bado haina nguvu. Udongo mwekundu wa volkano hushika fosforasi na kuinyima mimea, hivyo hata shamba linaloonekana lina rutuba linaweza kuwa na njaa ya kirutubisho hiki.

6. Chanja mbegu, kivulini, siku ya kupanda. Yeyusha vijiko viwili vya sukari kwenye glasi ya maji yaliyopoa. Lowesha mbegu kidogo tu, zing'ae bila kuchuruzika, kisha mwagia unga wa chanjo na ugeuze mpaka kila mbegu ivae unga mweusi. Zikishikana, nyunyiza unga kidogo wa chokaa ya kilimo zitengane. Panda siku hiyohiyo. Jua kali huua bakteria, na mbolea ikigusana nao kwenye beseni moja huwaua pia.

   Makini na hili: bakteria wa klova ya Ulaya hawaisaidii klova ya Kenya, na wa klova za Afrika hawaisaidii ya Ulaya. Pakiti iliyoandikwa maharage au soya nayo haina kazi hapa. Soma pakiti, na angalia tarehe ya mwisho wa matumizi. Ukikosa chanjo ya klova ya Kenya, chota udongo wenye unyevu chini ya klova ya kienyeji iliyostawi, uupondeponde, na uuchanganye na mbegu na mchanga wakati wa kupanda. Bakteria wake wamo mle.

7. Panda mvua zikishatulia. Usipande kwa mvua ya kwanza. Mara nyingi hukatika na miche hukauka. Kwa Kenya ya kati, Aprili ni nzuri; kwa Njombe na Mufindi, Desemba hadi Januari. Mbegu ya klova nyeupe ni ndogo kuliko ulezi, na kilo moja ina mamia ya maelfu ya mbegu, hivyo changanya na mchanga mkavu mara kumi yake ili mkono ugawe sawasawa. Nyunyiza nusu ukienda na nusu ukirudi.

8. Usifukie. Buruta tawi lenye majani juu ya mstari mara moja, kisha kanyaga kwa miguu. Mbegu ikizama zaidi ya sentimita 1, haitatoka. Kosa hili ndilo linalomfanya mtu aseme ameuziwa mbegu zilizokufa.

9. Linda mwanga. Baada ya wiki tatu hivi kikuyu itakuwa imeinuka. Ikifika sentimita 10 hadi 12, ingiza ndama au ng'ombe wachache kwa saa moja au mbili, udongo ukiwa haujalowa, wakate ncha za nyasi, kisha uwatoe. Rudia kila inapoinuka. Kama unaogopa kukanyagwa kwa miche, fyeka kwa panga na uondoe majani.

10. Chimbua mche wiki ya sita hadi ya nane. Tumia kijiti, usivute, maana vinundu hubaki ardhini. Suuza mizizi na upasue kinundu kwa ukucha. Ndani kikiwa cha waridi au chekundu, bakteria wanafanya kazi. Kikiwa cheupe au cha kijani, au hakuna vinundu kabisa, rudi hatua ya 6.

11. Malisho ya kwanza kamili. Shika majani ya klova kwa vidole na uvute kama ng'ombe anavyong'oa. Majani yakikatika mzizi ukabaki, tayari. Mche mzima ukitoka, subiri. Kwa kawaida ni miezi miwili na nusu hadi mitatu tangu kupanda.

Bila mbegu: njia ya vipando

Kama klova ya Kenya inaota kandokando ya kijiji chako, huna sababu ya kusubiri duka. Mvua zikikolea, chimbua mabonge ya ukubwa wa sahani yenye matawi yanayotambaa, mizizi na udongo wake. Yagawe vipande, panda kila nusu mita kwenye mistari uliyoandaa, na uweke kiganja cha TSP kilichochanganywa na udongo kwa kila mashimo matatu au manne. Bakteria wanakuja na udongo, hakuna haja ya chanjo. Ni kazi ya mgongo, lakini kwa robo ekari familia inaimaliza ndani ya siku chache, na miche hiyo hushindana na kikuyu tangu mwanzo. Kwa mwenye eneo dogo naipendelea kuliko mbegu.

Kulisha bila kuimaliza

Gawanya malisho sehemu nne au zaidi, kwa fensi ya umeme ya kuhamishika au nguzo na waya ulizonazo. Ukifunga kwa kamba, sogeza kigingi kila siku. Ng'ombe waingie nyasi zikiwa sentimita 15 hadi 20, watoke zikibaki 5, kisha sehemu ipumzike wiki tatu hadi nne. Kiangazi zaidi ya hapo. Ng'ombe wakiachwa eneo moja siku zote, watarudia klova ileile kila inapochipua, maana wanaipenda kuliko nyasi.

Lengo ni klova theluthi moja hivi ya uzito mkavu wa malisho. Jicho hudanganya, kwa sababu majani ya klova hulala bapa: ukiona imefunika nusu ya ardhi, ujue uko karibu na lengo.

Usimwage urea wala CAN nyingi. Naitrojeni hukuza nyasi, nazo huifunika klova. Samadi itawanywe nyembamba. Fosforasi irudishwe kila mwaka kabla ya mvua. Na usipulize 2,4-D kwa ajili ya magugu: ni dawa ya majani mapana, na klova ni jani pana. Ukiwa na mahindi au ngano jirani, angalia upepo siku ya kupuliza.

Kufura tumbo: soma hapa mara mbili

Swali la kuua ng'ombe ni la kweli. Klova changa hutengeneza povu tumboni, gesi inanaswa ndani ya povu, ng'ombe hawezi kuitoa kwa mdomo, na tumbo linabana mapafu. Anaweza kufa ndani ya saa chache, wakati mwingine haraka zaidi. Lakini anayefuata masharti haya hupunguza hatari hiyo sana:

- Usimwingize ng'ombe mwenye njaa kwenye klova. Kwanza ashibe nyasi kavu au mabua.
- Subiri umande ukauke. Asubuhi na mara baada ya mvua ndipo pabaya zaidi.
- Siku ya kwanza nusu saa, ya pili saa moja, uongeze kidogo kidogo kwa wiki moja hadi mbili.
- Sehemu ambayo klova imezidi nyasi, wape kwa mgawo mdogo, na wakishatoka wapewe nyasi kavu.
- Kaa nao saa ya kwanza. Usiwaache ukaenda sokoni.

Dalili: upande wa kushoto, kwenye kishimo nyuma ya ubavu wa mwisho, unajaa na kuwa kama ngoma, anaacha kula, anapiga teke tumbo lake, anahema mdomo wazi, mate yanachuruzika.

Ukiona hivyo:

1. Toa ng'ombe wote malishoni, hata wanaoonekana wazima.
2. Mpigie daktari wa mifugo sasa hivi, kabla ya kujaribu lolote jingine.
3. Msimamishe miguu ya mbele ikiwa juu ya mwinuko. Akiweza, mtembeze polepole. Asilale.
4. Kama bado anameza vizuri, mnyweshe mafuta ya kupikia mililita 300 hadi 500, au dawa ya kuvunja povu kwa kipimo kilichoandikwa. Polepole, chupa pembeni mwa mdomo, kichwa kisiinuliwe juu sana na ulimi usishikwe. Mafuta yakienda mapafuni utamuua kwa njia nyingine. Mafuta ya gari na mafuta ya taa usijaribu.
5. Mfunge kijiti mdomoni kwa upana, kama lijamu, atafune na kutoa mate.

Kutoboa tumbo kwa trokari (chuma chenye ncha cha kutolea gesi) ni kazi ya aliyefundishwa, ng'ombe akiwa anakata roho na daktari hajafika. Tena kwa kufura kwa povu, tundu jembamba huziba.

Mambo yakienda kombo

*Hakuna kilichoota.* Fukua juu juu utafute mbegu. Zikiwa ndani zaidi ya sentimita 1, ulizifukia. Zikiwa juu na ngumu bado, huenda ni ganda: klova ya Kenya huwa na mbegu nyingi zenye ganda gumu. Msimu ujao zisugue kidogo kati ya karatasi mbili za msasa laini kabla ya kuchanja. Zikiwa hazipo kabisa, mvua kubwa imezisomba au sisimizi na ndege wamezibeba.

*Miche imeota, imebaki midogo na ya njano.* Angalia vinundu. Hakuna, au ni vyeupe: tatizo ni bakteria. Leta udongo wa chini ya klova iliyostawi, uutawanye kwenye mistari siku ya mvua. Vinundu vipo na ni vya waridi lakini mimea haikui: rudi kwenye kipimo cha udongo. Majani ya kijani kizito yaliyodumaa huashiria njaa ya fosforasi. Vidoa vyeupe kwenye kingo za majani huashiria upungufu wa potasiamu.

*Ilistawi mwaka wa kwanza, wa pili imepotea.* Piga hesabu ya mapumziko na urefu wa nyasi. Karibu kila mara kikuyu iliachwa irefuke msimu wa mvua kwa sababu majani yalikuwa mengi kuliko ng'ombe. Kata ziada ukaushe, itakufaa kwa kuzuia kufura.

*Kiangazi kimeikausha.* Klova ya kawaida itakuwa imeisha pale. Ya Kenya usiichimbue. Pumzisha sehemu hiyo, usiilishe mpaka udongo, na subiri mvua. Mzizi wake mkuu na mbegu zilizodondoka vitachipua.

*Klova imezidi, nyasi zimebaki chache.* Pumzisha sehemu hiyo wiki moja zaidi ili nyasi ziinuke, na hapa ndipo pekee CAN kidogo inaruhusiwa. Mpaka uwiano urudi, ng'ombe wasiingie humo bila kula nyasi kavu kwanza.

*Nataka kupanua.* Acha kona moja bila kulishwa mpaka maua yageuke kahawia, kisha piga kichwa cha ua kwenye kiganja na uangalie kama mbegu zimekomaa. Mwenye mizinga karibu atapata mbegu nyingi zaidi, kwa sababu klova nyeupe huchavushwa na nyuki. Kona ikishadondosha baadhi ya mbegu, ingiza ng'ombe wale zilizobaki. Mbegu ngumu hupita tumboni salama, na mavi yao yatazipeleka kwenye sehemu watakayolala siku inayofuata.